Kuwafundisha Watoto Kupima Uvumi: Mfano wa Ukarabati wa Reli ya Tanga

Utangulizi

Makala haya yanamkusudia mwanachuo anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Handeni na Korogwe. Nia yetu ni kuonyesha jinsi maneno yasemwayo mitaani juu ya ukarabati wa kitu kinachojulikana na wote yanavyoweza kuwa zana ya kufundishia watoto kufikiri. Mara nyingi mwalimu huyakuta maneno hayo mlangoni mwa darasa, akayanyamazisha, kisha akaanza somo. Kwa kufanya hivyo huwa amelifukuza somo lililokwisha kuja lenyewe.

Habari za msingi

Reli iendayo Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Mwaka 1963 iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha kutoka Mnyusi, wilayani Korogwe, hadi Ruvu. Baadaye gari la abiria la kwenda Moshi lilisimama kwa takriban robo karne. Mwezi Julai 2019 gari la mizigo lilifika tena Moshi. Desemba mwaka huo likafuata gari la abiria kutoka Dar es Salaam, na mwezi Oktoba 2020 huduma ikafika Arusha.

Mtoto aliyekuwa Darasa la Tano mwaka 2019 hakupata kuliona gari la abiria la njia hiyo tangu azaliwe. Kwake reli ilikuwa njia ya miguu. Kwa hiyo swali la kama gari litarudi au halitarudi lilikuwa kubwa kuliko mazungumzo ya barazani: aliyeamini kwamba reli imekufa aliendelea kupita katikati ya mataruma bila kugeuka nyuma.

Wala watu wetu si peke yao katika kukisia. Huko Ohio, Marekani, katika bustani ya michezo ya Cedar Point, palikuwa na reli ya kuteleza iliyojengwa kwa mbao, iitwayo Mean Streak. Vigari vyake hupandishwa juu ya kilima cha kutengenezwa, kisha huachwa vishuke kwa kasi. Ilifunguliwa mwaka 1991, ikafungwa Septemba 2016. Wapenzi wake wakagawanyika: wengine walisema itavunjwa, wengine wakasema itakarabatiwa. Hawa wa pili walikuwa na hoja, kwa sababu sehemu kubwa ya fremu ya mbao iliendelea kusimama. Mwaka 2018 ikafunguliwa kwa jina la Steel Vengeance, ikiwa na njia ya chuma juu ya fremu ya mbao. Waliotazama dalili walikaribia ukweli kuliko waliorudia maneno ya wenzao.

Lengo na zana

Somo hili ni la Darasa la Tano, nalo huchukua vipindi viwili vya dakika 40. Mwisho wake kila mwanafunzi aweze kuzigawa kauli alizopewa katika mafungu matatu: jambo lililoonekana, kisio lenye dalili, na uvumi, aidha aweze kutoa sababu. Zana zinazohitajika ni ubao, chaki na vipande vya karatasi au maboksi vyenye kauli zilizoandikwa.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: Mwalimu aandike ubaoni methali mbili: “Lisemwalo lipo, na kama halipo laja” na “Dalili ya mvua ni mawingu.” Awaulize wanafunzi zinatofautianaje. Ya kwanza inatuambia tusidharau maneno ya watu. Ya pili inatutaka tutazame juu kwanza. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu.

Hatua ya pili: Wanafunzi wakae katika vikundi vya watu watano. Kila kikundi kipewe kauli kama hizi:

(a) Vichaka vimefyekwa kando ya reli karibu na stesheni.
(b) Kwa kuwa vichaka vimefyekwa na mataruma mapya yameshushwa, huenda gari litapita.
(c) Gari litapita Jumatatu, na wiki ya kwanza nauli itakuwa bure.

Kila kauli ipimwe kwa maswali matatu: Nani ameliona? Dalili yake ni ipi? Tukiona nini tutabadili mawazo? Kauli (c) huwapendeza watoto kuliko zote, lakini haijibu hata swali moja. Hapo ndipo watakapotambua wenyewe kwamba utamu wa habari si ushahidi wake.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo: Mwalimu aulize, “Tukikosea, hasara ni ipi?” Anayedhani gari litapita, kumbe halipiti, amepoteza hatua chache za kuzunguka. Anayedhani halipiti, kumbe lipo nyuma ya kona, amepoteza maisha. Basi ingawa makisio mawili yanaweza kuwa na dalili sawa, hayana uzito sawa. Mtoto aondoke darasani akijua kwamba penye shaka huchukuliwa lile ambalo kosa lake halina msiba.

Kwa shule za Handeni

Mji wa Handeni hauna reli, lakini haukosi mfano. Mradi wa maji wa HTM, uliojengwa katika miaka ya 1970, huchota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni. Ukarabati wake umesemwa kwa miaka mingi, na Handeni iliingizwa katika mradi wa maji wa miji 28 ambao mikataba yake ilitiwa saini Juni 2022. Mtoto anayeamka alfajiri kubeba ndoo anayo haki ya kuuliza maji yatafika lini. Mfundishe kutenganisha mkataba uliotiwa saini, bomba lililolazwa na maji yanayotoka. Hayo ni mambo matatu.

Tahadhari

Wako watakaosema kwamba somo hili litawafanya watoto wabishane na wakubwa. Adabu ifundishwe pamoja na swali. “Shikamoo babu. Naomba kuuliza, hayo uliyaona mwenyewe au uliyasikia?” Hakuna mzee atakayevunjiwa heshima na swali hilo. Pia mwalimu asilete darasani uvumi unaogusa nyumba au shamba la mzazi wa mwanafunzi yeyote. Hofu ya nyumbani si zana ya kufundishia.

Tathmini

Kila mwanafunzi alete kesho yake kauli moja aliyoisikia nyumbani au sokoni, aiweke katika fungu lake, na aeleze sababu kwa sentensi mbili. Mwalimu asahihishe sababu kwanza, fungu baadaye. Aliyekosa fungu lakini akatoa sababu njema yuko njiani. Aliyepata fungu kwa kubahatisha bado hajaanza safari.