Siha ya Mwili na Utulivu wa Moyo Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza: Kijitabu kwa Kaya za Kariakoo

Ilipotangazwa tarehe 16 Machi 2020 kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, huko Arusha, na siku ya pili yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaamuru shule zifungwe na mikusanyiko isimamishwe, watu wa Kariakoo hawakufungiwa majumbani kama walivyofungiwa jirani zetu wa Uganda. Soko liliendelea, na Mtaa wa Kongo haukuacha kupitisha watu. Walakini katika nyumba nyingi kifungo kiliingia bila ya amri: watoto wamerudi kutoka shule, wazee wamezuiliwa kutoka kwa hofu ya maradhi, wateja wamepungua, na mchuuzi aliyezoea kusimama na kubeba kutwa nzima akawa ashinda kitandani, akisikiliza redio ikihesabu maiti wa Italia.

Mtu wa namna hiyo hupotewa na mambo mawili kwa mpigo, nayo ni riziki na mwendo. La kwanza hulijua na kulilalamikia. La pili halijui, ilhali nusu ya jitimai inayomkaa kifuani yatokana nalo. Kwani viungo vinaposhughulishwa moyo huenda mbio, damu huenea, ubongo hutoa kemikali zinazotuliza maumivu na kuchangamsha nafsi, na usiku usingizi huja bila ya kubembelezwa. Na aliyekosa usingizi, kila habari mbaya humwia kubwa maradufu.

Kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani si kizito: mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5, za mwendo unaomruhusu kuzungumza lakini si kuimba; na mtoto wa umri wa shule apate dakika 60 kila siku. Taabu yetu ni nafasi. Rais Museveni, akiwa na umri wa miaka 75, alipowakataza raia wake kukimbia barabarani mwezi wa Aprili 2020, alijionyesha katika video akikimbia ofisini mwake bila ya viatu na kupiga pushapu. Wako waliocheka, sisi twaona alifundisha vema, ila zulia lake, twadhani, lilikuwa pana kuliko ukumbi wa nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji sita.

Katika nyumba hizo basi, uwani ndio uwanja, nao hauna budi kugawanywa kwa zamu. Asubuhi, kabla ya majiko kuwashwa, wapite wazee: aketi mzee kwenye kiti kisichoyumba kilichoegemezwa ukutani, asimame pasipo kusukuma kwa mikono ikiwa aweza, akae tena taratibu, mara kumi, apumzike, kisha arudie. Alasiri jua likipungua, waachiwe watoto na kamba yao ya kuruka, na rede ikiwa nafasi yatosha. Kelele zao zivumiliwe, maana mtoto aliyezuiliwa kucheza kutwa hugeuka mkorofi usiku. Akina mama wanaofua kwa mikono na kuteka maji wasihesabiwe kuwa hawajafanya zoezi. Wanalotaka wao ni mtu wa kuwapokea ndoo, wapate kuketi.

Wakaao maghorofani wana ngazi, ambazo ni bora kuliko lifti kwa sababu mbili: zafanyisha miguu kazi, na zamwepusha mtu na kile kisanduku ambamo watu wanane wavuta pumzi moja. Mwenye shinikizo la damu au kisukari aanze kwa ghorofa moja tu. Mwenye homa au kikohozi apumzike kwa faragha, asijitaabishe. Na yeyote atakayebanwa kifua au kuona kizunguzungu aache papo hapo na kwenda kwa tabibu.

Ama huzuni iliyopita wiki mbili, ikaondoa usingizi, hamu ya chakula na ya kazi, hiyo ni sonona, wala haitibiwi kwa ngazi peke yake. Mgonjwa apelekwe zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako ikibidi ataandikiwa rufaa ya kwenda Muhimbili. Na akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyohiyo. Aandamane na mtu wa nyumbani anayemwamini, maana wenye maradhi haya aghalabu hufika mlangoni pa tabibu wakasema hawajambo, wakarudi.