Kima ya kuchemsha: mafuta yapungue, supu isimwagwe



Nyama ya kusaga, ambayo watu wa Pwani huiita kima, katika nyumba zetu hupikwa karibu kila mara kwa njia moja. Mafuta hutangulia sufuriani, kitunguu kikakaangwa, kisha nyama ikafuatia ndani ya mafuta yale yale. Nyama yenyewe ina mafuta yake, hivyo mlaji hupata ya kwenye dumu na ya ng'ombe kwa pamoja. Kijana mwenye afya njema huenda asione tatizo. Lakini nyumba nyingi zina mzazi mwenye shinikizo la damu au kisukari ambaye ameambiwa na daktari apunguze mafuta. Matokeo yake ni kwamba wakati wa futari huyu mzee hutengewa kisahani chake pembeni, huku wanawe na wajukuu wakila sinia moja. Kima ya kuchemsha inaweza kumrudisha kwenye sinia.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Kilo moja ya kima ambayo moja ya tano yake ni mafuta ina gramu 200 za mafuta kabla hujaongeza chochote. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi, sawa na kilokalori zipatazo 120, na mpishi anayemimina bila kupima hafahamu ametia vijiko vingapi. Isitoshe, mafuta ya ng'ombe ni ya ile aina inayoganda, ambayo huongeza lehemu mbaya katika damu. Allah (s.w) ametukataza israfu katika kula na kunywa, Surat Al-A'raf aya ya 31, na israfu haipo katika wingi wa sahani peke yake.

Namna ya kupika ni hii. Tia kima katika sufuria, kisha maji baridi ya kuifunika tu. Ivuruge kwa mwiko au uma mpaka iachane kabisa kabla hujaiweka motoni, kwani ukiitumbukiza katika maji yanayochemka hushikana mabonge, na bonge huiva nje likabaki bichi ndani. Ongeza kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa. Chumvi isubiri mwisho, utahitaji kidogo. Ikishachemka iache kwa dakika kumi hivi huku ukikoroga, kisha ichuje na maji yake uyahifadhi kwenye bakuli.

Rudisha kima sufuriani bila mafuta. Ikaushe kwa moto mdogo pamoja na kitunguu maji kilichokatwa vidogo, bizari nyembamba na pilipili manga. Mwisho kamulia ndimu na utie dhania. Wanaosema kwamba nyama ya kuchemsha haina ladha mara nyingi wamekula ile iliyotolewa majini ikapakuliwa hapo hapo. Huku kukausha ndiko kunakoirudishia ladha.

Sasa lile bakuli. Wako akina mama wanaomwaga maji ya kwanza kwa kudhani kuwa lile povu la kijivu na ule wekundu ni damu, na kwamba ni najisi. Damu iliyoharamishwa katika Surat Al-An'am aya ya 145 ni ile inayomwagika, nayo hutoka mnyama anapochinjwa. Wekundu unaobaki ndani ya nyama iliyochinjwa kisheria wanazuoni wameusamehe, hata ukionekana juu ya maji ya sufuria. Povu lenyewe ni protini iliyoganda kwa joto. Liengue ukipenda ili supu iwe safi, lakini usiimwage supu, kwani sehemu ya vitamini za kundi B imehamia humo. Ikipoa iweke kwenye jokofu. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama sahani nyeupe. Yaondoe kwa kijiko, na iliyobaki ipikie wali, dengu au mboga. Atakayeyaona mafuta yale kwa macho yake hatahitaji kushawishiwa tena.

Kuna jambo jingine linaloipambanua kima na nyama ya vipande. Katika kipande kizima, vijidudu vingi huwa juu, mahali ambapo moto hufika mapema. Nyama ikisagwa, kilichokuwa juu huchanganywa mpaka ndani. Huko Marekani mwaka 1993 watoto wanne walifariki na watu zaidi ya 700 waliugua kutokana na nyama ya kusaga isiyoiva, iliyokuwa na bakteria aina ya E. koli. Rangi isikudanganye, kwani kima inaweza kugeuka kahawia kabla haijaiva sawasawa. Kinachotakiwa kwa nyama ya ng'ombe ni joto la nyuzi 71 ndani yake, na kwa ndege nyuzi 74. Maji yanayochemka, hata kule milimani, hupita kiwango hicho, mradi usiache mabonge. Wala usiioshe kima mbichi bombani. Maji hurusha vijidudu kwenye sinki na vyombo, wala hayafiki ndani.

Ndugu zetu walioko Marekani hutumia sana nyama ya bata mzinga ya kusaga wakiamini haina mafuta. Mara nyingi husagwa pamoja na ngozi, na mafuta ya ndege yako hapo. Soma maandishi ya pakiti, hakikisha kwanza ni halali, kisha ichemshe kwa njia hii hii.

Kwa upande wa sambusa tuwe wakweli. Ukichemsha kima, ukaikausha vizuri, halafu ukaizamisha sambusa katika karai la mafuta, mzee wako hujamsaidia sana. Mpakie mafuta kidogo kwa brashi sambusa zake na uzioke, au mpe kima hiyo kwa chapati kavu au wali. Na kima iliyopikwa baada ya daku isikae mezani ikisubiri Magharibi. Isizidi saa mbili nje ya jokofu, na jioni ipashwe moto mpaka itoe mvuke yote, pamoja na ile ya katikati ya sufuria.