Mtoto anapolazwa: mchezo nao ni sehemu ya tiba

Kuna tishio moja linalojulikana karibu katika kila nyumba, kuanzia Mbagala hadi Tegeta: "Nyamaza! Ukiendelea kulia nitamwita daktari akuchome sindano." Huambiwa mtoto aliyekataa uji, aliyegoma kulala, hata aliyemwaga maji sebuleni. Mtoto hunyamaza, na mzazi huona amefaulu. Deni lake huja kulipwa siku ambayo mtoto huyo anapelekwa hospitali ya Temeke au Mwananyamala akiwa na homa kali. Akimwona tu mtu mwenye koti jeupe anapiga kelele, anarusha mateke, anamng'ang'ania mama yake shingoni. Na kwa nini asifanye hivyo? Tangu alipoanza kuelewa maneno amefundishwa kwamba mtu huyo ndiye adhabu yenyewe.

Wiki hii safu yetu inazungumzia jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni tiba. Nalo ni michezo, uchoraji, hadithi na masomo kwa mtoto aliyelazwa. Katika nchi nyingi hii ni kazi kamili yenye wataalamu wake waliosomea, nao hukaa wodini pamoja na madaktari na wauguzi. Kwetu bado ni wachache sana, lakini sehemu kubwa ya kazi yao inaweza kufanywa na mzazi aliyeelekezwa.

Hofu si utundu

Tuanze na yale yanayotokea mwilini. Mtoto mwenye hofu moyo humwenda mbio, misuli hukaza, na maumivu huyahisi makali zaidi kuliko mwenzake aliyetulia. Anayejinyonganyonga ni vigumu kumpata mshipa, kwa hiyo sindano moja huwa mbili au tatu. Hapo wanaitwa watu wanne wamkandamize, mmoja mguu, mwingine mkono. Damu hupatikana, lakini mtoto anaondoka na kumbukumbu ambayo haitoki upesi. Safari ijayo kazi huwa ngumu zaidi, na mzazi naye huanza kutafuta visingizio vya kutorudi kliniki.

Kwa malaria ya siku tatu pengine hasara si kubwa. Sasa fikiria saratani ya damu, ambayo matibabu yake kwa mtoto huchukua miaka miwili hadi mitatu. Kuna dripu, kuna kupimwa damu mara kwa mara, kuna kuchomwa sindano mgongoni. Mtoto anayeonekana kuteseka namna ile, na mama aliyechoka akiambiwa na jirani kwamba maji ya mgongo yakitolewa mtoto hupooza au hufa (jambo ambalo si kweli), hupata ushawishi mkubwa wa kufunga mizigo na kurudi nyumbani. Ugonjwa haungoji. Anayerudishwa baada ya miezi mara nyingi hurudi na hali mbaya zaidi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, wakati katika nchi nyingi maskini wanaopona ni chini ya asilimia 30. Kuachwa kwa matibabu njiani ni mojawapo ya sababu, pamoja na kuchelewa kugundua na uhaba wa dawa. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wenye lengo la kufikia angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Kwa hiyo ndugu msomaji, tunapozungumzia penseli za rangi na mdoli usidhani tumeacha maradhi tukaingia katika anasa.

Hapa kwetu Muhimbili

Alhamdulillah, mfano uko jirani. Watoto wenye saratani hapa Dar es Salaam walikuwa wakitibiwa Ocean Road kabla ya wodi yao kuhamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mwaka 2011 likaanzishwa shirika la Tumaini la Maisha, ambalo miongoni mwa waanzilishi wake ni Dkt. Trish Scanlan, daktari bingwa wa saratani za watoto kutoka Ireland. Kazi hiyo haikuishia kwenye dawa. Familia zinazotoka mbali zilitafutiwa mahali pa kulala, na watoto wakawekewa masomo na michezo.

Ukilitazama juu juu utasema, mtoto yuko kwenye dripu, hesabu za kujumlisha za nini? Lakini fikiria darasa lile linamwambia nini. Linamwambia kwamba watu wazima wanaomzunguka wanatarajia atakua na atarudi shule. Hakuna hotuba inayoweza kumfikishia mtoto habari hiyo vizuri zaidi ya daftari. Na mzazi asiyejua Kiswahili vizuri, aliyetoka mkoani na kuuza mbuzi wake ili afike Upanga, anamwona mwanawe akicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mzazi huyo ana sababu ya kubaki. Kwa wenzetu wa Nairobi, Sarakasi Trust nayo imewahi kupeleka wasanii wa muziki na sarakasi katika wodi za hospitali.

Wengine walijifunza kwa taabu

Huko Uingereza hadi miaka ya 1950 hospitali nyingi ziliwazuia wazazi wasikae na watoto wao, wengine wakiruhusiwa kuwaona kwa muda mfupi tu. Madai yalikuwa kwamba mtoto akimwona mama hulia, hivyo afadhali asimwone. Mwaka 1952 James Robertson alitoa filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa ajili ya upasuaji wa henia ya kitovu. Watu wakajionea wenyewe jinsi mtoto anavyonyamaza kwa kukata tamaa, si kwa kuzoea. Mwaka 1959 kamati ya serikali yao ikapendekeza wazazi waruhusiwe. Huko Marekani, mwaka 1955 mwalimu Emma Plank alianzisha katika hospitali ya Jiji la Cleveland kazi ya kushughulikia maisha ya mtoto wodini, yaani kucheza, kusoma na kueleweshwa anachofanyiwa. Kazi hiyo ndiyo iliyokua ikawa taaluma.

Kwetu sisi mama hulala na mtoto wodini. Tunaye tayari yule ambaye wenzetu walimpigania kwa miaka. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia afanye nini zaidi ya kubadilisha nepi na kununua dawa.

Na tusidhani wazo la kumliwaza mgonjwa limetoka Ulaya. Sultan Bayezid wa Pili alikamilisha mwaka 1488 huko Edirne, Uturuki, hospitali ya waqfu ambamo wagonjwa, hasa wa akili, walitulizwa kwa sauti ya maji ya chemchemi, harufu ya maua na sauti za wapiga ala. Wanaokhitalifiana kuhusu muziki waendelee kukhitalifiana. Maji na maua hayana mgogoro, na mtoto wa Temeke anaweza kutulizwa kwa kaswida anayoijua kutoka madrasa.

Mwambie ukweli

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Usimdanganye mtoto. "Twende kwa shangazi" halafu akajikuta maabara. "Haitauma" halafu ikauma. Umempoteza mara mbili, kwa daktari na kwako wewe. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, mama mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume (s.a.w.) akamwuliza alikusudia kumpa nini, naye akajibu tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Ikiwa tende ina uzito huo, itakuwaje sindano?

Ukweli nao una kiasi chake kulingana na umri. Mtoto wa miaka miwili mwambie muda mfupi kabla, kwa maneno machache: itauma kidogo, nitakushika, itakwisha. Wa miaka saba mwambie siku kadhaa kabla, umpe nafasi ya kuuliza. Chukua mdoli na bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo halijatumika, acha yeye awe daktari. Amsafishe mdoli mkono, amfunge bendeji, amwambie pole. Utashangaa atakayoyasema, maana mara nyingi humsemea mdoli yale asiyothubutu kusema mwenyewe. Wanaotia shaka kuhusu midoli wakumbuke kwamba Bibi Aisha (r.a.) alicheza nayo utotoni mbele ya Mtume (s.a.w.).

Kuna jambo moja la kusikiliza kwa makini. Watoto wa miaka mitatu hadi sita hudhani ugonjwa ni adhabu. Mmoja atasema kaungua kwa sababu hakumsikia bibi, mwingine kwamba nywele zimedondoka kwa kuwa aliiba sukari. Nasi huwasaidia kuamini hivyo tunaposema, "Umeona sasa? Nilikukataza." Mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto jikoni ana kidonda cha kutosha, usimwongezee hatia. Mwambie waziwazi kwamba hakuna alichokosa kikamletea maradhi.

Kuchora nako kunasaidia, ila tusigeuke wapiga ramli. Mtoto akichora kwa rangi nyeusi huenda ndiyo penseli pekee iliyobaki kwenye kopo. Usimfasirie, mwambie tu, "Nieleze picha yako," kisha nyamaza.

Wakati wa sindano

WHO katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo imependekeza mambo yasiyogharimu hata shilingi. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kuchomwa au muda mfupi kabla. Mtoto mdogo ashikwe na mzazi, asilazwe na kukandamizwa. Namna nzuri ni kumpakata akikuelekea, kifua kwa kifua, huku umemkumbatia na mkono unaohitajika uko nje. Muombe muuguzi kwa heshima akuruhusu. Wengi watakubali, kwa kuwa mtoto aliyetulia huwarahisishia kazi.

Mkubwa kidogo apewe kazi ya kufanya. Apulize mapovu ya sabuni, kwani anayepuliza analazimika kutoa pumzi taratibu. Au ahesabu, au asome sura aliyohifadhi. Kwenye kidonda cha moto, mruhusu ashike kipande cha bendeji au aseme "subiri" mara mbili zilizokubaliwa. Mtoto asiye na uamuzi wowote juu ya mwili wake hupigana, na akipewa uamuzi mdogo huvumilia zaidi.

Usafi wa vichezeo

Hapa wengi wetu huharibu. Kichezeo kinachotoka kitanda hadi kitanda hubeba kikohozi na kuharisha. Chagua vya plastiki vinavyoosheka kwa maji na sabuni, vikaushwe juani kabla ya kupewa mwingine. Midoli ya kitambaa au manyoya iwe ya mtoto mmoja tu, ifuliwe. Mikono ioshwe kabla na baada ya kucheza. Kwa mtoto anayepata dawa za saratani, ambaye kinga yake imeshuka, waulize wauguzi kwanza kabla ya kumpelekea chochote, na usimsogelee ukiwa na mafua. Chini ya miaka mitatu asipewe vitu vidogo vya kumeza, wala puto.

Vijana wa misikiti yetu wanaokwenda kuzuru wodi za watoto, Allah awalipe. Lakini waulize wodi inahitaji nini kabla ya kununua pipi katoni tano. Na picha za watoto waliodondoka nywele zisisambazwe kwenye simu. Mtoto huyo atapona in shaa Allah, atakua, na picha itakuwa bado inazunguka.

Tusiwasahau waliobaki nyumbani. Ndugu yake aliyeachwa kwa bibi Yombo anadhani mama amemchagua mwingine, kwa hiyo apigiwe simu kila siku. Baba naye, ambaye huishia kusimama getini na chupa ya uji saa za kuona wagonjwa, amsimulie mtoto habari za kuku na za mtaa. Mtume (s.a.w.) aliketi akamwuliza mtoto Abu Umayr habari za kindege chake kilichokufa, naye alikuwa na umma mzima wa kushughulikia. Ustadhi wa madrasa akiletewa habari, anaweza kutuma somo dogo la juma.

Kama una mtoto anayetarajia kulazwa, tayarisha mfuko leo. Weka khanga ya mama ambayo haijafuliwa, maana harufu yake humtuliza mtoto usiku. Weka daftari tupu, penseli chache za rangi, juzuu yake au kitabu cha shule, kichezeo kimoja kinachoosheka, na kipande cha sabuni.