Mzee amepoteza hamu: huenda ni maji kwenye ubongo

Tukisikia "kichwa maji" tunamfikiria mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua kupita kiasi. Maradhi haya huwapata watu wazima pia, hasa waliovuka miaka 60, na kwao kichwa hakiongezeki kwa kuwa fuvu limekwisha kufunga.

Leo tuzungumze dalili moja inayoleta ugomvi majumbani, nayo ni kupotea kwa hamu. Baba aliyekuwa wa kwanza msikitini sasa anakaa kitini kutwa. Hadai chakula, haulizi habari za wajukuu, na akisemeshwa hujibu neno moja. Watoto husema ni uvivu, wengine husema amerogwa. Wapo wanaodhani ni huzuni, lakini mwenye huzuni huumia na hujilaumu, na huyu hana analolalamikia.

Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vya maji. Mwili hutengeneza kiasi cha nusu lita ya maji hayo kila siku, kisha huyarudisha kwenye damu. Yasipoondoka vizuri, vyumba hutanuka na kuvuta nyuzi zinazopita pembeni, zile zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na viini vya ndani vinavyomsukuma mtu atende. Hivyo mzee anaweza kujua kabisa kwamba wakati wa swala umeingia, ila msukumo wa kuinuka haupo. Kumkaripia ni kumwonea.

Mwaka 1957, huko Bogotá, Colombia, daktari Salomón Hakim alikuwa na mgonjwa wa miaka 16 aliyeumia ajalini na kubaki hajitambui vizuri. Vyumba vyake vya ubongo vilikuwa vimetanuka ingawa kipimo cha shinikizo la maji kilikuwa cha kawaida. Zilitolewa mililita 15 tu kwa ajili ya vipimo, na kijana akaanza kusema!

Angalia basi kama mzee anatembea hatua fupi, nyayo kama zimenata sakafuni, na kama mkojo unamponyoka. (Kwa udhu wake mwulizeni sheikh, fiqhi ina nafuu kwa hali hii.) Mpelekeni hospitali apigwe picha ya CT. Daktari anaweza kutoa maji kidogo mgongoni na kupima mwendo kabla na baada. Ukibadilika, huenda akawekewa mrija wa kupeleka maji tumboni. Mara nyingi mwendo hutangulia kupata nafuu. Hamu hurudi kwa baadhi, hasa wasiocheleweshwa. Mwenye mrija akiumwa kichwa na kutapika, au akipata homa au usingizi mzito, arudishwe siku hiyo hiyo.

Si kila mzee mkimya ana maradhi haya. Kiharusi na tezi ya shingo pia huleta hali hiyo, kwa hiyo msijipimie nyumbani.

Wakati mnasubiri matibabu, msimwambie "fanya kitu basi." Mshikeni mkono, mwambieni jambo moja tu: "Baba, twende tukaoge." Mara nyingi atainuka.