Dawa ya Zahanati Yako Huanzia Mkutanoni

Tuseme unaishi Ganze au Magarini. Usiku wa manane mkazamwana wako ashikwa na uchungu wa kuzaa. Zahanati iko karibu, lakini imefungwa tangu jioni kwa sababu muuguzi hana nyumba pale. Mwahangaika kutafuta pikipiki, na safari ya hospitalini yaanza gizani. Asubuhi kila mtu atamlaumu muuguzi. Lakini je, nyumba hiyo iliwahi kuombwa? Iliombwa lini, na mbele ya nani? Hilo ndilo somo letu wiki hii.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kusimamia vituo vyao vya afya na magari ya kubebea wagonjwa. Kifungu cha 43 chakupa haki ya huduma bora za afya, na kifungu cha 196 chalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Kwa hivyo ukiitwa kutoa maoni, hujafanyiwa hisani.

Tarehe za kukumbuka

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini maamuzi hufanywa mapema:

Septemba 1: Mwisho wa kufikisha bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Nyumba ya muuguzi isipoingia hapa, ni vigumu kuipata baadaye.

Februari 28: Mwisho wa kuwasilisha taarifa ya sera ya fedha, inayoonyesha mgao wa kila idara.

Aprili 30: Mwisho wa kupeleka makadirio ya matumizi bungeni, ili yapitishwe kabla ya Juni 30.

Anayeanza kulalamika mwezi wa Agosti mara nyingi amekwisha kuchelewa.

Namna ya kusema

Kwanza, kutaneni kijijini mchague jambo moja au mawili. Akina mama wasiachwe nje, kwani wao ndio wapelekao watoto zahanati.

Pili, wekeni kumbukumbu. Kusema "twataka afya bora" hakumbani mtu. Semeni dawa fulani ilikosekana siku ngapi, na wajawazito wangapi walikuta mlango umefungwa.

Tatu, andikeni, mbaki na nakala. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi rasmi, na serikali yapaswa kujibu bila kukawia. Mkitaka kuona hesabu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yatoa muda wa siku 21 wa kujibiwa.

Huenda ukasema, "Mimi sikusoma, nitasema nini mbele ya wataalamu?" Tazama Kilifi kwenyewe. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliyoanzisha kituo chake hapo mwaka 1989, ina wawakilishi waliochaguliwa na wakazi. Hao hukutana na watafiti na kuwafikishia wasiwasi wa vijijini, kama ule wa watoto kutolewa damu. Ikiwa mwanakijiji aweza kumhoji mtafiti kuhusu damu ya mwanawe, atashindwaje kuuliza kuhusu nyumba ya muuguzi?

Kweli, si kila ombi litakubaliwa, kwani fedha hazitoshi. Lakini lisiloandikwa halina hata nafasi ya kukataliwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Zoezi la wiki: Muulize mwakilishi wa wadi yako kikao kijacho cha maoni ni lini, kisha uwaambie majirani watano.