Suali la Gari ya Mbio: Jawabu kwa Ndugu Aliyeko Isiolo

Tumeletewa suali na kijana wetu mmoja, mtu wa pwani mwenye duka Isiolo, naye ataka lijadiliwe katika darsa kabla hajatoa mali yake. Asema ameweka akiba miaka sita. Moyo wake umependa gari ya mbio ya Kijapani, Subaru WRX STI iliyokwisha tumiwa. Na wazee wake wamemkataza bila ya kumpa sababu ila kuwa ni gari ya wahuni. Jawabu hiyo haimtoshi mwenye akili, wala si haki kumhukumu mtu kwa mlio wa gari yake. Asili ya gari ni halali. Basi na tulitazame jambo lenyewe.

Mapenzi haya hayakuzuka bure. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi watu walijipanga kando ya njia kutazama vumbi tu. Colin McRae alishinda mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, na Richard Burns akashinda kwa jina hilo hilo mwaka 2000. Na Patrick Njiru, Mkenya, alikuwa amekwisha kulifanya jina la Subaru kuwa la nyumbani. Mashindano ya dunia yakaondoka Kenya baada ya mwaka 2002, yakarejea 2021. Lakini ndugu yetu afahamu kwamba gari zilizoshinda Safari zilinyanyuliwa na kutiwa nguvu kila kiungo, mafundi wakizifuata, na helikopta ikiruka mbele kumwonya dereva kuwa kuna ng'ombe njiani. Gari iliyoko yadi ina jina lile na umbo lile. Helikopta haimo.

Na Isiolo ndiko hasa inakotakiwa helikopta. Lami ya kwenda Marsabit hadi Moyale, safari ya kiasi cha kilomita 500, ilikamilika katika miaka ya 2010. Kabla ya hapo watu walipanda juu ya malori, nayo ilikuwa ni safari ya kuusiana. Leo njia imenyooka, inamwita mtu akanyage mafuta. Lakini wenye ngamia na mbuzi hawakuhama kwa sababu lami imekuja. Ngamia ana miguu mirefu: gari ya chini humkata miguu, na mwili wote ukaanguka juu ya kioo na paa, pale walipokaa watu. Jioni rangi yake na rangi ya nchi ni moja. Tena sheria ya Kenya haimruhusu mwenye gari ndogo kupita kilomita 110 kwa saa popote, na mjini ni 50. Nguvu anayoinunua kwa thamani kubwa hana mahali pa kuitumia. Na akiacha lami kwenda upande wa Garba Tulla, gari ambayo tumbo lake halikuinuka sentimita 15 kutoka chini itakwaruza mawe.

Ama gharama, hapa yapasa tukae kidogo, kwani vijana wengi husoma bei ya Japani wakadhani ndiyo bei. Tangu mwaka 2023 Kenya hutoza ushuru wa forodha asilimia 35 kwa gari zitokazo nje. Juu ya thamani pamoja na ushuru huo huja ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa gari ya petroli ya injini iliyopita sisi 1500 na isiyopita 3000, na hii ni ya sisi 2000 hivi. Kisha juu ya jumla yote huja kodi ya thamani, asilimia 16. Chukua gari ambayo forodha imeikadiria shilingi 1,000,000: ushuru wa kwanza ni 350,000, wa pili ni 337,500, kodi ni 270,000. Jumla 957,500, mbali ada nyengine za serikali na za bandari. Na makadirio ni ya forodha, si ya risiti yako.

Tena Kenya haipokei gari iliyopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025, mathalan, zilipokewa zilizosajiliwa 2018 na baadaye. Na kiwanda kilifunga kupokea oda za STI huko Japani mwaka 2019. Maana yake mlango wa kuagiza unafungwa, na zitakazobaki sokoni ni zile zilizokwisha kuingia nchini, zikapita mikononi mwa vijana wawili watatu, kila mmoja akijaribu mwendo wake.

Kwa hiyo aibu ndiyo khabari kubwa. Injini hii ina tabo, nayo yataka oili safi isiyopungua na mkanda wa injini ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, vali hupigana na pistoni. Ilipimwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa desturi hufika okteni 98 hadi 100, na ya pampu zetu za kawaida iko chini ya hapo; mwenye kuilazimisha kwa moto mkali huvunja pistoni. Na fundi wa Probox si lazima awe fundi wa hii.

Katika fikihi ya Imamu Shafi, aifuatayo wengi wetu pwani, mnunuzi aliyekuta aibu iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa ana haki ya kurudisha, ila arudishe mara moja. Akiendelea kuitumia baada ya kuijua, haki imemtoka. Na muuzaji asemaye "nauza kama ilivyo, sina dhamana ya aibu yoyote" hakuokoka kwa maneno hayo. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba sharti hilo humfaa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, kwani mnyama hula akanenepa na ugonjwa umo tumboni. Watu wa Isiolo wanaijua hiyo kwa ngamia. Gari si ngamia. Hata hivyo mahakama za serikali zina sheria zao, basi kila alilolisema muuzaji na liandikwe, litiwe sahihi.

Ndugu yetu ametaja pia kuwa pungufu atalikopa benki kwa faida. Hapo jawabu yetu ni fupi: asikope. Mkopo wa riba kwa shida tumeukataa katika darsa zilizopita; seuze kwa mlio.

Rai yetu ni hii. Akiba ile, kwa maneno yake mwenyewe, ndiyo pia ya kununulia bidhaa duka likipungukiwa, na mama yake Lamu anaitegemea. Mali ya namna hiyo haikuzidi haja, na gari hii asiinunue mwaka huu. Siku atakapokuwa na mali iliyozidi duka na mama, na bado moyo unataka, hatutamwita mhuni. Na aitazame asubuhi, injini haijawashwa tangu jana, akiwa na fundi aliyemlipa yeye na si muuzaji. Atake karatasi ya mnada ya Japani, kwani herufi R katika daraja huonyesha gari iliyopata ajali ikatengenezwa. Na cheti cha kutoka nje, ambacho huandikwa kilomita za ukaguzi wa mwisho. Kilomita za cheti zikiwa nyingi kuliko za saa ya gari, arejeshe funguo mezani, apande basi la Isiolo.