Mshubiri na Somo la Subira



Ndugu msomaji, katika Kiarabu herufi swad, ba na ra zimezaa neno subira, na zimezaa pia shubiri, mmea ambao uchungu wake tumeufanya mithali. Leo tujifunze kuupanda kando ya msikiti wa chuo.

Mishubiri ya asili imejaa Uganda, hasa penye vilima vikavu kama vya Karamoja. Huishi miaka mingi, na maua yake mekundu au ya rangi ya chungwa huwalisha chozi na nyuki. Lakini usiing'oe porini. Mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya kimataifa ya aina zote za mishubiri isipokuwa Aloe vera. Omba chipukizi kwa mwenye bustani, kwa idhini yake.

Kwanza, kata chipukizi kwa kisu safi, pamoja na mizizi yake. Kiweke kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, kwani kidonda kibichi huoza udongoni.

Pili, chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Udongo ukiwa mzito, changanya mchanga na kokoto, au inua tuta.

Tatu, ukishapanda, kaa kama wiki moja bila kumwagilia. Baadaye mwagilia udongo ukikauka kabisa, na usimimine maji katikati ya majani. Majira ya mvua, acha. Mishubiri mingi ya bustanini huuawa na maji mengi kuliko kiu, maana majani yake ni ghala la maji.

Nne, palilia, kata vikonyo vya maua vilivyokauka, na shina likizongwa na machipukizi, yagawe. Utomvu wa manjano usiunywe; huharisha vibaya.

Huenda ikapita miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza, nawe umeshahitimu. Je, ulipanda bure? Katika hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Hakuweka sharti kwamba mpandaji awepo. Chozi atakayenyonya ua hilo hakujui, lakini Mola wako anakujua.

Basi ndugu zetu wa mwaka wa mwisho, pandeni kabla hamjaondoka.

Wabillahi tawfiiq.